Kabla ya kuidharau baiskeli ya bei nafuu, tazama habu ya nyuma

Mpwa wangu anaishi Mbezi na kazi yake iko Mabibo. Alidunduliza miezi kadhaa, akaenda Kariakoo na shilingi 380,000, akarudi na baiskeli mpya ya gia: fremu ya alumini, magurudumu ya inchi 27.5, breki za diski za kuvutwa na waya, gia saba nyuma, shokapu mbele tu. Haikupita wiki, wenzake wanaopanda baiskeli kwa miaka wakamwambia ametupa hela. Kwa fedha hiyohiyo, walisema, angepata mtumba wa Japani wenye jina. Hiyo aliyonunua ni ya kuchezea watoto. Akaja kwangu jioni amenywea.

"Mjomba, nimeuziwa mbovu?"

Nilimjibu hapana. Lakini jibu hilo linahitaji maelezo, maana wanaozibeza baiskeli hizi hawasemi uongo. Wanakosea mahali pa kupimia.

Hoja yao ni hii. Baiskeli ya kampuni yenye sifa, hata kama imetumika miaka kumi na tano, ilitoka kiwandani na vifaa vya daraja la juu: habu imara (kile kitovu cha gurudumu kinachozunguka juu ya ekseli), rimu yenye kuta mbili, shokapu inayorudi taratibu bila kugonga. Ukivinunua vitu hivyo kimoja kimoja vikiwa vipya, bei inaizidi baiskeli nzima ya dukani. Tena mwenye kuongeza vifaa vya maana kwenye baiskeli ya bei ya chini harudishiwi hela zake siku ya kuuza. Mnunuzi anatazama fremu na kutaja bei ya fremu. Yote hayo ni kweli. Anayejua kukagua, na mwenye muda wa kuwahi kontena linapofunguliwa, achukue mtumba na asiyumbishwe na mtu.

Wengi wetu hatuko hivyo. Ananunua mtu anayehitaji kufika kazini Jumatatu, na mtumba una siri ambazo rangi nzuri inazificha. Nguzo ya kiti imeganda ndani ya fremu kwa kutu ya chumvi, haipandi wala haishuki. Mipira ya ndani ya shokapu imekauka. Fremu ilishagongwa na haijulikani iligongwa wapi. Halafu kuna suala la tairi ambalo limewaumiza wengi: baiskeli nyingi za mjini kutoka Japani zimeandikwa 26 x 1 3/8, na rimu yake ina kipenyo cha milimita 590. Tairi ya inchi 26 ya baiskeli za mlima inakaa kwenye rimu ya milimita 559. Zote mbili zinaitwa 26, na hakuna nguvu ya mkono itakayoivisha moja kwenye rimu ya nyingine. Namba ya kuamini ni ile ndogo iliyochapwa ubavuni mwa tairi: 559, 584 kwa inchi 27.5, na 622 kwa inchi 29.

Baiskeli mpya ya shokapu moja ina faida ambayo wabezaji hawaihesabu, labda kwa sababu wao wenyewe hawaihitaji. Vipuri vyake viko kwenye rafu. Friwili (furushi la meno ya nyuma) ya gia saba, cheni, waya za breki, kanyagio, tyubu: vyote vinapatikana, na fundi yeyote mwenye kibanda chini ya mwembe anavijua kwa kugusa. Cheni moja inatumika kwenye gia sita, saba na nane. Kwa mtu anayepita kwenye mchanga wa mitaani kila siku, kisha madimbwi ya masika, chombo kinachotengenezeka jirani na nyumbani kina thamani kubwa kuliko chombo bora kinachosubiri kipuri wiki tatu. Nasema hili kwa moyo wote. Nimeona baiskeli nzuri za mtumba zikining'inia ukutani mwaka mzima kwa kukosa kitu kidogo cha ukubwa wa kidole.

Sasa nije kwenye habu ya nyuma, maana hapo ndipo thamani ya baiskeli hizi inapokaa.

Jumapili tuliipeleka kwa fundi. Nilimwomba aifungue habu ya nyuma ingawa baiskeli ilikuwa na siku tisa tu. Akaweka gurudumu mapajani, akalegeza nati, akachomoa ekseli. Gololi zilitoka karibu kavu, na doa la grisi lenye unene wa ukucha upande mmoja tu. "Wanazifunga hivi kutoka kiwandani, kaka," alisema, akazifuta moja moja kwa kitambaa, akajaza grisi, akafunga taratibu mpaka gurudumu likazunguka bila kucheza wala kukaza. Kazi ya nusu saa. Kabla ya kufunga alichukua ekseli nyingine kutoka kwenye kopo la vyuma chakavu, akailaza juu ya kipande cha kioo cha dirisha na kuiviringisha. Ilipepea kama mkia wa samaki. Ilitoka kwenye baiskeli ya namna hiihii, ya mtu anayepeleka mikate.

Kwa nini inapinda ya nyuma, na mara nyingi upande wa kulia? Kwenye baiskeli nyingi za bei nafuu, furushi lote la meno, pamoja na kile kinachotoa mlio wa tik-tik, ni kitu kimoja kinachosokotwa kwenye habu kama kifuniko cha chupa. Hiyo ndiyo friwili. Gololi za habu zinabaki ndani, nyuma ya meno, na ncha ya ekseli inabaki bila egemeo kwa sentimita kadhaa. Fremu inakaa juu ya ncha hiyo. Kila shimo la barabarani, kila tuta unaloshuka ukiwa umekalia kiti, linaisukuma ncha hiyo ijipinde. Gia zikiongezeka, meno yanaongezeka, na gololi zinabaki mbali zaidi na ncha. Kwa hiyo friwili ya gia saba inaitesa ekseli kuliko ya gia tano.

Mwaka 1978 Shimano, kampuni ya Japani ya vifaa vya baiskeli, walitoa habu ambayo ile sehemu ya tik-tik ni mali ya habu yenyewe, na gololi za kulia zimesogezwa nje hadi karibu na fremu. Meno yanachomekwa juu yake na kubanwa kwa pete: ndiyo kaseti. Ekseli ikapata egemeo pale palipokuwa na pengo. Karibu kila baiskeli ya mlima ya maana iliyotengenezwa katika miongo iliyofuata ina mpango huo, na hapo ndipo mtumba mzuri unapoishinda baiskeli mpya ya bei nafuu kwa haki kabisa. Gia kumi na shokapu vinaonekana zaidi machoni, lakini ushindi uko kwenye sentimita hizo chache.

Kuitambua hakuhitaji spana. Inamia dukani, zungusha meno kinyumenyume kwa kidole, na tazama ile pete yenye mikato iliyo karibu kabisa na ekseli. Ikizunguka pamoja na meno, ni kaseti. Ikitulia huku meno yakizunguka, ni friwili. Dakika moja, na umeshajua jambo ambalo muuzaji huenda hakulijua.

Ya mpwa wangu ni friwili. Kwa wenzake hiyo ni hukumu, kwangu mimi ni hesabu. Nilipima nafasi kati ya miguu miwili ya nyuma ya fremu, ndani kwa ndani: milimita 135. Hicho ndicho kipimo kilichotumiwa na baiskeli za mlima kwa miaka mingi, kwa hiyo gurudumu la nyuma lenye habu ya kaseti litaingia bila kulazimisha, mradi ekseli yake iwe ya nati au ya kubana kwa mkono, na rimu iwe ya inchi 27.5 yenye mahali pa kufunga diski. Na hapa kuna jambo ambalo wanaosema "ukianza kubadilisha hutamaliza" hawalijui: kaseti ya gia saba inakaa vizuri kwenye habu iliyotengenezewa gia nane au tisa ukitanguliza pete ya milimita 4.5. Swichi ya gia ya mkononi inabaki ileile. Kihamisha gia cha nyuma kinabaki kilekile. Hata cheni inabaki kama haijachakaa. Kinachobadilika ni gurudumu na meno, na udhaifu mkubwa kuliko wote unaondoka. Fundi alitutajia shilingi 90,000 kwa gurudumu la mtumba akilipata. Ukijumlisha na bei ya dukani, hujafika mbali na bei ya mtumba wenye jina, na una fremu ambayo unaijua tangu siku ya kwanza.

Hela isipotee kwenye shokapu. Kila kijana aliyenunua baiskeli hizi anaota kubadilisha shokapu ya mbele, na naelewa, ndicho kitu kinachoonekana. Shokapu ya springi ya daraja la chini ina uzito wa kilo mbili na nusu na zaidi, haina mafuta ya kuituliza, na kwenye lami inakula nguvu zako unaposimama kukanyaga. Lakini nzuri mpya inaweza kuzidi bei ya baiskeli nzima, na ukiweka ndefu kuliko ile ya kiwandani, usukani unainuka, na mzigo kwenye shingo ya fremu unaongezeka mahali ambapo fremu haikuandaliwa kuupokea. Kwa safari za Mbezi na Mabibo, uma wa chuma (ile miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele) usio na shokapu ungemfaa zaidi na ungepunguza zaidi ya kilo moja. Alipolisikia hilo alinuna. Sikumlazimisha.

Tairi, ndiyo. Zile zenye meno makubwa zinavuma kwenye lami na kuchosha miguu. Tairi yenye mstari laini katikati na meno madogo pembeni, upana wa inchi 2 hivi, inageuza baiskeli kuliko kitu kingine chochote cha bei hiyo, na mchanga wa mitaa ya Goba utaiachia ukipunguza upepo kidogo. Breki za diski za waya zinataka waya safi na marekebisho ya mara kwa mara, kwa sababu kwenye nyingi ni pedi moja tu inayosogea. Ile nyingine inasogezwa kwa bisibisi au spana ndogo kadiri inavyolika. Jifunze kuisogeza mwenyewe. Cheni nayo ipimwe kwa rula: pini 24 kutoka unapoanzia ni inchi 12 kamili. Ikizidi kwa 1/16 ya inchi, badilisha. Ikifika 1/8, meno ya nyuma yameshaliwa na utalipia vyote viwili.

Zipo baiskeli ambazo siwezi kuzitetea. Yenye shokapu mbili kwa bei hiyohiyo, iache dukani: fedha iliyopaswa kwenda kwenye fremu na habu imekwenda kwenye springi ya nyuma na viungo vitakavyoanza kulia mvua ya kwanza. Tazama pia pale kihamisha gia cha nyuma kilipofungwa. Kama fremu ina sikio lake la kukishikia, hasa lile linalofunguliwa na kubadilishwa likipinda, hiyo ni fremu iliyofikiriwa. Kama kimening'inizwa kwa kibati kilichobanwa pamoja na ekseli, fremu hiyo haikukusudiwa kukua. Rimu za ukuta mmoja hazipendi mtu wa kilo tisini mwenye mzigo nyuma. Na anayetaka kwenda kushuka vilima vya Pugu kila Jumamosi kwa kasi, na kuruka, nakubaliana na wabezaji moja kwa moja: atafute mtumba mzuri au adundulize tena. Hesabu yangu ni ya mtu wa kazini na sokoni, anayepanda Pugu mara moja moja kwa furaha yake.

Kuna kikomo cha fedha pia. Mimi nimekiweka kwenye nusu ya bei ya kununulia, kwa mwaka wa kwanza na wa pili kwa pamoja. Kwa mpwa wangu ni shilingi 190,000: grisi na marekebisho ya habu zote mbili, tairi mbili, waya za breki, na gurudumu lile likipatikana. Zaidi ya hapo wabezaji wana haki, na mimi ningekuwa wa kwanza kumwambia aiuze.

Ameshafunga tairi. Kila Ijumaa jioni anaigeuza baiskeli juu chini uani, analizungusha gurudumu la nyuma na kuweka vidole kwenye fremu, akisikiliza kama kuna mahali linapokaza na mahali linapolegea, maana ekseli iliyoanza kupinda hujitangaza hivyo. Mpaka wiki iliyopita lilikuwa linazunguka sawasawa. Fundi amempigia simu kwamba gurudumu la kaseti limepatikana, milimita 584, rimu ya kuta mbili, na kesho tunakwenda kuiviringisha ekseli yake juu ya kioo kabla ya kulipa.