Kilo 42 zinapogeuka 84: kuhifadhi kwenye simu au kwenye seva?

Njia iliyozoeleka ya kuandika programu ya biashara ni kuitegemea seva (kompyuta kuu ya mbali) kwa kila kitu: mtumiaji anabonyeza «Hifadhi», ombi linakwenda, kiduara kinazunguka, na jibu likirudi ndipo skrini inasema tayari. Anayehifadhi kwanza kwenye simu na kutuma baadaye huambiwa anajitafutia kazi bure. Kwa hapa kwetu Kivu, lawama hiyo haimstahili.

Mchukue karani anayepokea kahawa mbivu kisiwani Idjwi. Mizani inasema kilo 42, rezo, yaani mtandao, inakuja na kutoweka. Anabonyeza, seva inapokea na kuandika, lakini mtandao unakatika kabla ya jibu kurudi. Simu inaamini imeshindwa, karani anabonyeza tena, na mkulima sasa ana kilo 84 kwenye daftari la ushirika. Hakuna aliyeiba. Ila siku ya malipo fedha hazitalingana na kahawa iliyopo, na wa kwanza kutuhumiwa atakuwa karani.

Mtandao mbovu ni nusu tu ya chanzo. Nusu ya pili ni mwandishi wa programu kuiachia seva itoe namba ya kila kumbukumbu, hivyo ombi lililorudiwa linaonekana jipya. Simu yenyewe itengeneze UUID, yaani namba ya utambulisho isiyojirudia, fomu inapofunguliwa. Isingoje kitufe kibonyezwe, maana kubonyeza mara mbili kutazaa namba mbili. Safu (mstari mmoja wa kumbukumbu) iandikwe kwenye SQLite, hifadhidata ndogo iliyo ndani ya simu, kupitia maktaba ya Android iitwayo Room, ikiwa na hali «inasubiri», na karani aendelee na gunia linalofuata. Kutuma kuachiwe WorkManager, chombo cha Android cha kuendesha kazi za nyuma, kwa sharti kwamba mtandao upo. Kazi ikishindwa irudishe Result.retry(), yaani «jaribu tena»: kwa kawaida jaribio la pili huja baada ya sekunde 30, kisha muda unaongezeka maradufu, mwisho saa 5. Ukirudisha failure(), kazi hiyo haitajaribiwa tena.

Kwenye PostgreSQL, hifadhidata ya upande wa seva, UUID iwekewe sharti la upekee na INSERT (amri ya kuingiza safu) imalizike kwa ON CONFLICT DO NOTHING, yaani «ikiwa ipo tayari, usifanye kitu». Wengi hukwama hapa: safu ikiwa ipo tayari, RETURNING, sehemu ya amri inayorudisha safu iliyoandikwa, hairudishi kitu, programu ya seva inadhani kuna kosa na kujibu 500 (kosa la seva), na simu inatuma tena na tena ikila mega za karani. Isome safu iliyopo, kisha jibu 200 (imefaulu). Hata ombi lirudi mara kumi, kilo 42 zinabaki 42.

Saa za mkononi za Wear OS (mfumo wa Google wa saa), zikitumika kuhesabu magunia, zina mtego uleule. Kati ya njia zake mbili za kutuma, ujumbe wa MessageClient hupotea simu ikiwa mbali, wakati DataClient huhifadhi na kulinganisha vifaa vikikutana tena. Kila kipande kisizidi KB 100. Ukituma thamani ileile mara ya pili, onDataChanged, sehemu ya programu inayopokea mabadiliko, haiamki, kwa hiyo programu ya kuhesabu magunia iambatanishe namba ya mfuatano.

Wanaotetea seva wana haki kwenye salio la fedha na bidhaa ya mwisho ghalani. Wauzaji wawili wa mtaa wa Birere, Goma, wasio na mtandao wanaweza kuuza mfuko uleule, na hakuna UUID itakayozuia hilo. Uamuzi huo uachiwe seva. Pia simu ikizama ziwani, kumbukumbu ambazo hazijatumwa zimezama nayo. Idadi yake ionekane juu ya skrini muda wote, na utumaji uanze pia programu inapofunguliwa, kwa sababu baadhi ya simu huzima kazi za nyuma ili kutunza betri.

Hoja yao nzito zaidi ni watu wawili kusahihisha safu moja. Kumpa ushindi mwenye saa ya mwisho hakufai. Goma iko saa moja mbele ya Kinshasa: sahihisho la Kinshasa la saa 4:10 asubuhi ni saa 5:10 kwetu, lakini bila UTC (saa moja ya pamoja ya dunia) litaonekana limetangulia la Goma la saa 4:50, na la zamani litashinda. Hata UTC haisaidii mtu akiwa amebadilisha saa ya simu kwa mkono. Seva iipe kila safu namba ya toleo, simu itume toleo ililoanzia, na matoleo yakitofautiana seva ijibu 409 (mgongano). Karani aonyeshwe kilo zote mbili, achague mwenyewe mkulima akiwa bado yupo pale kwenye mizani.