Kusubiri Kwingi, Chumba Kidogo

Mimi si mtu wa haraka. Nisubirishe, nitasubiri. Ila kuna kitu kinaitwa uwiano. Ukiniweka kwenye benchi kama mtu aliyekuja kuonana na waziri, basi mlango ukifunguliwa nimkute waziri. Usinifungulie nikakuta stoo ya mafagio.

Hizi gemu zinanifungulia stoo.

Ipo moja, jina naliacha, sitaki kesi. Usiku watu wote wamelala, nashika pedi ya kuchezea gemu, nawasha. Kioo cheusi. Inakuja nembo ya waliotengeneza. Inakuja nembo ya waliowasaidia waliotengeneza. Inakuja nembo ya waliotengeneza sauti, ambayo mimi nimeizima kwa sababu watu wamelala. Halafu onyo: usizime mashine wakati alama hii inazunguka. Sawa, sizimi. Halafu: bonyeza kitufe chochote. Nabonyeza kwa furaha, kumbe kile kitufe ndicho kinachofungua foleni yenyewe. Maandishi yanatokea: Inapakia. Yaani mashine bado inaandaa sehemu ya kucheza, wewe ngoja.

Kimstari cha kuonesha imefika wapi kinaanza mbio. Kinafika nusu kabla sijakaa sawa, nikasema leo mambo mazuri. Kikafika asilimia 99, kikatulia hapo. Ile asilimia 99, jamani, mimi nadhani nimeishi humo kuliko nyumba yoyote niliyowahi kupanga. Bora hata kingesimama kwenye 40, mtu ukajua bado, ukaenda zako msalani kwa amani. Lakini 99? Unaondokaje? Unakaa umebana.

Na wakati umebana wanakupa madokezo. “Dokezo: afya yako ikipungua, tumia dawa.” Ahaa. “Dokezo: maadui wanaweza kukudhuru.” Asante sana kwa taarifa, mimi nilidhani wamekuja na bunduki kunipa pole.

Basi, hatimaye levo, yaani kile kipande cha kucheza, inafunguka. Ukumbi mwembamba. Mapipa matatu. Boksi. Mlinzi mmoja ameangalia ukuta, naye nahisi anasubiri kitu kipakiwe. Nampiga, anaanguka. Napasua pipa, napata risasi mbili. Nafika mlangoni, nafungua.

Inapakia.

Sasa ile levo ilikuwa nini? Mimi nimesubiri dunia, nikapewa korido! Tena nikiwa upande wa pili ndiyo nakumbuka nimeacha boksi la dawa kule nyuma. Kurudi kulichukua ni kupakia, na kutoka nalo ni kupakia tena. Nimeliacha. Kuna maboksi ya dawa katika dunia hii nimeyasamehe kama mtu anavyosamehe deni, nikaenda kupigana nachechemea.

Na ukifa ndiyo basi. Kufa kwenyewe hakuumi, ni sekunde mbili umeshalala chini. Kinachouma ni malipo: kupakia upya. Nimekuwa mwoga kupindukia, natembea nimejibana ukutani, nachungulia kila kona, na ukiniona utasema huyu anaogopa majambazi. Majambazi nayaogopea nini? Naogopa kimstari.

Mpwa wangu alikuja siku moja akakaa pembeni yangu kwa heshima zote. Akatazama. Akatazama tena.

“Mjomba, hii ni gemu au ni picha?”

“Inapakia.”

“Ahaa.” Akanyamaza, mtoto ana adabu. Baadaye: “Mjomba, si uweke ile inayotembea?”

Najua wakubwa wetu watanicheka. Waliokuwa na ile kompyuta ya nyumbani ZX Spectrum ya mwaka 1982 walikuwa wanapakia gemu kwa kaseti, kaseti ileile ya muziki, dakika kadhaa za milio ya kupasua masikio na mistari ya rangi inayocheza pembeni mwa kioo, na mara nyingine ikifika karibu na mwisho inagoma, unarudisha kanda nyuma unaanza upya. Shikamooni. Lakini hebu tazameni mkataba wao ulivyokuwa. Mashine ya toleo kubwa ilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 48, na gemu nyingi ziliingia zote humo kwa mpigo mmoja. Umesubiri, umemaliza, gemu yote ni yako mpaka uzime umeme. Hakuna aliyekuja katikati kukwambia ngoja kwanza nikuletee jikoni.

Balaa ya vyumba vidogo naiona imekuja na diski. Diski ina nafasi tele, kusoma ndiyo mtihani. Mashine ya gemu ya PlayStation ya kwanza, ya mwaka 1994, ilisoma diski kwa kama kilobaiti 300 kwa sekunde, na kumbukumbu yake kuu ilikuwa megabaiti 2 tu. Kwa hiyo kitu unachochezea lazima kienee kwenye hizo megabaiti 2, na kuzijaza tu ni karibu sekunde saba, hapo hujahesabu muda wa jicho la mashine kutafuta mahali pa kusoma. Mwenye gemu afanye nini? Anaikata dunia vipande. Wenzao wa Nintendo 64 mwaka 1996 walibaki na katriji, unachomeka unacheza, ila katriji ilikuwa na nafasi finyu na ghali kutengeneza. Kila mtu alichagua maumivu yake.

Wengine walau walikuwa na ustaarabu. Gemu ya kutisha ya Resident Evil ya 1996, kila ukitoka chumba kimoja kwenda kingine unaoneshwa mlango gizani, unafunguka taratiiibu. Watu mioyo inadunda, huku nyuma ya mlango diski inasomwa. Hilo nalikubali. Kama lazima unisubirishe, nitishe kidogo.

Na wale wa Namco, kampuni ya gemu, ndio walioniudhi kwa akili zao. Kwenye Ridge Racer ya PlayStation, gemu ya mbio za magari, waliweka gemu yao ya zamani, Galaxian, uicheze huku ile kubwa inapakia. Umeona wazo hilo? Dawa imepatikana! Kisha wakaliombea hataza, ile haki ya kisheria ya kuzuia wengine wasiige, Marekani mwaka 1995, wakaipata 1998, ikaisha nguvu 2015. Yaani miaka yote ile mimi nasomeshwa kwamba maadui wanaweza kunidhuru, tiba ilikuwepo, imefungiwa kabatini na wanasheria.

Lakini mfano wa ugonjwa wangu hasa ni gemu za Deus Ex. Ya kwanza ilitoka mwaka 2000 kwa ajili ya kompyuta, maeneo mapana, unazunguka mpaka unapotea, raha. Ya pili, Invisible War, ikaja 2003 ikiwa na Xbox akilini, mashine ya gemu ya Microsoft, na Xbox ilikuwa na kumbukumbu ya megabaiti 64 kwa kila kitu. Mitaa ikasinyaa. Unavuka kibarabara, unapakia. Unaingia kwenye jengo, unapakia. Na aliyenunua ya kompyuta, yenye kumbukumbu kubwa kuliko hiyo, alipewa vyumba vilevile vidogo. Huyo ni ndugu yangu wa damu hata kama hatujaonana.

Mnaweza kusema basi, ni mambo ya vyuma, vyuma vilikuwa dhaifu, tusamehe. Mimi nilikuwa nimeshasamehe. Ikaja habari ya GTA Online.

Gemu hiyo, ya kucheza na wenzako mtandaoni, ilianza 2013, na sifa yake mojawapo ilikuwa kusubirisha watu dakika nyingi, hata wenye mashine za nguvu. Miaka ikapita, watu wanasema aah, dunia ni kubwa ile, lazima ichukue muda. Mwanzoni mwa 2021 mtu mmoja wa nje, si mfanyakazi wao, akachoka akaifungua kuangalia ndani inafanya nini. Akakuta inasoma faili la kama megabaiti 10 lenye vitu takribani 63,000, na kila inaposoma kitu kimoja inapima kwanza urefu wa maandishi yote yaliyobaki mpaka mwisho. Kisha kitu kinachofuata, inapima tena. Halafu kila kitu kipya inakilinganisha na vyote vilivyotangulia, kimoja kimoja, kuhakikisha hakijirudii. Mashine haikuwa inajenga dunia. Ilikuwa inahesabu!

Na faili lenyewe lilikuwa la nini? Orodha ya vitu vya kununua ndani ya gemu. Watu wamekaa miaka wanasubiri bei.

Yule bwana aliandika kiraka chake cha kurekebisha programu, muda wa kusubiri kwenye kompyuta yake ukapungua kwa karibu asilimia 70. Wenye gemu walikiri, wakamlipa dola 10,000, na Machi mwaka huohuo wakatoa apdeti. Mimi nafurahi kalipwa. Naomba tu niulize fungu la sisi tuliosubiri liko wapi.

Sasa tumepewa mashine mpya. PlayStation 5 ya mwaka 2020 inasoma gigabaiti 5.5 kwa sekunde. Ukifa, unafufuka kabla hujamaliza kutukana. Madokezo yenyewe yanapita kama umeme, na juzi lilipita moja lililoanza na “Ukitaka kumshinda bosi huyu, usi—” likaondoka. Usi nini? Nisifanye nini? Miaka yote wananieleza yasiyo na maana kwa utulivu, la maana wamelikimbiza.

Na kuna hii tabia ya kupenya kwenye miamba. Shujaa mwenye mabega mapana kama kabati, kaua majitu, akifika kwenye ufa anajikunja, anapita ubavu ubavu, anahema, taratibu. Walianza hivyo ili diski ipate muda wa kusoma yaliyo mbele. Kupakia kumevuliwa nembo, kumevishwa nguo, kumeingizwa ndani ya gemu. Na lifti nayo ni hivyohivyo, mmesimama humo watu watatu na mapanga, mnaangalia namba za ghorofa.

Leo nimesema nijaribu hiyo spidi mpya kabla sijalala. Nimewasha, gemu ikanikaribisha vizuri, ikaniambia kuna apdeti ya lazima. Nikasoma inarekebisha nini. Imeandikwa: “Marekebisho madogo madogo.” Ukubwa: gigabaiti 34. Chini yake wamenionesha muda uliobaki, dakika 9, nikasema hizo si nyingi, ngoja nilalamike kidogo huku inashuka.

Nimeangalia sasa hivi. Zimebaki 26.