Wageni wetu wa kupanda mikoko, maji mmeyauliza?

Wiki iliyopita nimeamka nakuta status za nusu ya watu ninaowajua ziko na picha ileile, watu wamevaa gambuti mpya kabisa, bango nyuma yao, kila mmoja ameinama na mche wa mkoko mkononi lakini macho yako kwa kamera. Leo tumepanda maelfu ya miche, imeandikwa hivyo na vimoyo vya kijani. Nikaikuza picha nione ni wapi. Ni palepale! Lile tope la mbele ya kijiji ambalo walishalipanda, na kabla yao walilipanda wengine, na kila upepo wa kusi ukishika, bahari inachukua miche yote mpaka inabaki mmojammoja kama meno ya mzee.

Sasa tuelewane, mimi sina ugomvi na mtu kupenda mazingira. Ugomvi wangu ni kwamba pale hapajawahi kuwa na mikoko. Hakuna babu wa mtu aliyewahi kukata boriti pale. Na kama mahali pana msitu kushoto na msitu kulia, mbegu zinaelea zinapita hapo kila bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpya na mwezi mpevu, zikitafuta pa kushika, na miaka yote hiyo hakuna iliyoshika, si mtu ajiulize kwanza kuna nini?

Kuna maji, ndio kuna nini. Mkoko sio samaki jamani. Unataka maji yajae na unataka maji yapwe, mizizi ipate kupumua, na kila aina ina kimo chake inachokijua. Mlilana unakaa mbele kabisa unapigwa na mawimbi, nyuma yake mkoko wenyewe, aina iliyobeba jina la wote, halafu muia, halafu mkandaa, na mchu ambao una mambo yake utaukuta mbele na utaukuta tena nyuma kabisa karibu na nchi kavu, kule ambako maji yanafika bamvua tu. Mvuvi wa kaa yeyote atakwambia hayo bila daftari. Sasa wageni wanapanda nini? Mkoko. Peke yake. Popote. Na msitafute sayansi hapo, sababu ni kwamba mbegu ya mkoko inaota ikiwa bado juu ya mti, inaanguka ishakuwa ndefu, unaiokota unaichomeka kwenye tope imesimama, mtoto anaweza, mkurugenzi anaweza, na kwa picha inatoka vizuri. Mbegu ya mlilana ni kidogo hivi huioni, mchu unataka ulelewe kitaluni kwanza, na nani ana muda huo wakati basi la kurudi mjini linaondoka saa saba.

Halafu kwa nini pale mbele na si kwingine? Kwa sababu pale hapana mwenyewe. Hapana hati, hapana kesi, na kwa mtu aliyetoka ofisini pale ni patupu. Patupu! Muulize mama anayechimba kombe pale kila maji yakitoka kama ni patupu. Muulize mtafuta pweza. Mbele kidogo kuna majani ya bahari ambayo ndiyo malisho ya samaki aina ya tafi, na nyinyi mnayakanyaga na kuyatoboa toboa mkipanda miti ambayo haitauona mwaka mpya, halafu tafi wakipungua mtatuletea semina ya uvuvi endelevu.

Na sio sisi tu. Sri Lanka baada ya tsunami ya 2004 pesa zilimwagika kupanda mikoko, kila mtu alikuwa na uchungu na kila mtu alitaka kusaidia, na watafiti waliporudi kukagua sehemu 23 zilizopandwa, kwa 9 hawakukuta hata mche mmoja hai. Uchungu ule ulikuwa wa kweli kabisa, ila bahari haijali uchungu.

Pahali pa kufanya kazi papo, sitaki mtu aseme napinga tu. Kuna yale mashamba ya chumvi yaliyoachwa, matuta bado yamesimama, maji hayaingii hata bamvua na mchanga umekauka mweupe. Kuna barabara zilizokata vijito katikati na hakuna aliyekumbuka kuweka kalavati. Hapo huhitaji hata mche. Toboa tuta, zibua kijito, maji yakianza kutembea mbegu zitakuja zenyewe na kila moja itachagua kimo chake, kazi ambayo zinaifanya kabla ya sisi kuzaliwa. Lakini kutoboa tuta kunataka uende ukazungumze na mwenye shamba, na mwenye shamba ana wakili. Tope halina wakili.

Wakati mwingine hata hiyo kazi haiko baharini. Kwenye kijito cha Mwache, hapo Mombasa, mikoko ilikufa imesimama baada ya mvua za El Niño za 1997 na 1998, udongo ulishuka na mafuriko kutoka mashamba ya juu ukafukia mizizi. Sasa anayetaka kuokoa mikoko kama ile aende akachimbe makingamaji shambani kwa mtu, kilometa nyingi kutoka ufukweni. Nangoja hiyo picha.

Nikubali moja na nalikubali shingo upande: vitalu vinawapa akina mama pesa. Mche unanunuliwa, karo inalipwa, na mimi siwezi kusimama mbele ya mama wa kikundi nimwambie akatae. Lakini angalia analipwa kwa nini. Analipwa kwa mche uliotoka kitaluni. Ukipandwa ukafa, mwakani watanunua mwingine, kwa hivyo mti ukiishi hapo hakuna biashara tena. Hilo simlaumu mama, namlaumu aliyeandika bajeti.

Twende Gazi, kule Kwale pwani ya Kenya, maana kila mtu anaitaja Gazi bila kuangalia kinachofanyika pale. Mikoko Pamoja, mradi wa wanakijiji wa Gazi na Makongeni, wanauza kaboni tangu 2013, yaani wanalipwa kwa hewa ya kaboni ambayo msitu unaishika, na pesa imeleta maji ya bomba na vitabu vya shule. Mwaka 2017 wakapata ile tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa. Msitu wao ni hekta 117. Na sehemu kubwa ya hizo hekta haikupandwa na mtu, ni msitu wa asili unaolindwa usikatwe. Kupanda kupo, ni kidogo. Na kitu kinachonifurahisha zaidi ni kwamba mpango wao una mivinje ya kupandwa nchi kavu, manake walielewa kwamba watu wanajenga, watu wanataka fito na pau na boriti, na usipowapa mti mwingine wataingia msituni usiku. Ukitaka kuulinda mkoko panda mvinje! Kijana anayekamatwa na mzigo wa fito anaitwa adui wa mazingira, na mikoko yote ya Kenya imekuwa ya serikali kwa tangazo tangu 1932, mwenye pesa akitaka gati karatasi zinapatikana, haya tuyaache.

Mama Wangari Maathai alipoanza Green Belt Movement, ile harakati ya kupanda miti, 1977 akina mama walikuwa wanapewa kitu kidogo kwa mche ulioshika. Ulioshika, si uliopandwa. Miaka yote hii imepita na bado tunalipana kwa kuchomeka.

Kwa hivyo ombi langu kwa mnaopanga safari inayofuata: nusu ya pesa ilipwe siku ya kupanda na nusu ibaki benki miaka mitatu, ilipwe kwa kuhesabu iliyo hai, na hata kama pahali palizibuliwa tu pakajiotea penyewe kikundi kilipwe vilevile. Muone jinsi mahali pa kupanda patakavyohama ghafla. Anayehesabu asiwe yuleyule aliyepanda, na asiwe anayeandika ripoti. Mimi nitahesabu bure, niambieni tu ni bamvua gani.