Lushoto haiishii Irente

Ndugu mwandishi, kwenye makala yako Lushoto, mji wetu wa milima ya Usambara, umeisifia vizuri, ila huo ushauri wako wa kufika Irente, pale ukingoni mwa mlima pa kutazama mandhari, kupiga picha na kurudi Dar kesho yake siuafiki. Mtu kashinda kwenye basi tangu alfajiri, kapanda zile kona za kutoka Mombo kilomita 33, halafu ageuze?

Irente nendeni jioni, na jibini la shamba la Irente msiliache. Ila kesho yake ingieni msitu wa Magamba na mwongozaji wa hapo hapo, maana mbega wanajificha juu kabisa na macho yetu sisi wa mjini hayawaoni.

Mwenye muda aende Mtae. Kijiji kimekaa mgongoni mwa mlima. Kuna mahali unasimama barabarani, kulia bonde, kushoto bonde. Asubuhi ukungu uko chini yako, ukitawanyika unaiona nyika ya Mkomazi yote. Masika barabara ya huko inateleza, bora Juni au Julai. Lakini baridi ya miezi hiyo si mchezo, kwa hiyo hizo kaptura za Coco Beach ziacheni nyumbani, bebeni sweta.