Kura ya diaspora baadaye, tuanze na ya mtaani

Kwenye kundi letu la WhatsApp la watu wa Kigoma tulioko Ulaya, mjadala wa kura ya diaspora haufi. Wakenya wanapiga wakiwa ng'ambo, sisi Watanzania tumekosa nini? Mimi huwa nawaudhi wenzangu. Nasema dai ni halali, ila si la kwanza.

Naishi Göteborg, Uswidi. Sina uraia wa hapa, na bado nachagua madiwani. Tangu 1976 sheria yao inamruhusu mgeni aliyeandikishwa kuwa mkazi kwa miaka mitatu mfululizo kupiga kura ya manispaa na ya mkoa. Ya bunge wamejiwekea raia wenyewe. Hoja yao naielewa: anayetumia shule na barabara za mahali ndiye achague wanaoziendesha. Sikupanga foleni ya kujiandikisha popote. Kadi ililetwa nyumbani kwa posta, nikapiga kura mapema pale maktaba, nilipokwenda kurudisha vitabu vya mtoto. Karatasi nyeupe ni ya manispaa, ya buluu ni ya mkoa. Unaitia kwenye bahasha, basi. Hata wino kidoleni hakuna.

Shamrashamra, lakini, usizitafute huku. Kampeni ni vibanda vya mbao uwanjani, mtu anakumiminia kahawa na kukupa kipeperushi, wapita njia wanaangalia simu zao. Na hao hao wapole, mwaka 2022 walijitokeza kupiga kura ya bunge asilimia 84.

Nyumbani ni kinyume. Ujiji, pale pale Kigoma mjini, baada ya alasiri, kwenye kahawa na kashata, siasa inachambuliwa mpaka mifupa: nani kahama chama, nani kahongwa, lami ya wapi imeishia njiani. Kigoma haijawahi kuwa ya watu wa "ndiyo mzee". Uchaguzi mdogo wa ubunge wa 1994, Dk. Aman Walid Kabourou wa chama cha upinzani cha CHADEMA alitangazwa kushindwa, akaenda mahakamani, matokeo yakabatilishwa. Moja ya hoja ilikuwa jinsi Redio Tanzania ilivyoegemea upande mmoja. Mwaka 2015 watu wa mjini wakawapa ACT-Wazalendo, chama kingine cha upinzani, ubunge na halmashauri ya manispaa pia. Kwa hiyo mtu asiniambie wananchi wetu hawajui kushiriki.

Shida iko kwenye karatasi wanayopewa. Uchaguzi wa serikali za mitaa wa 2019, wagombea wa upinzani walienguliwa kwa wingi kwa sababu za fomu, vyama vikasusa, na wenyeviti wengi nchini wakapita bila kupingwa. Mjomba wangu mmoja aliandika kazi yake kuwa "mvuvi na mkulima". Akaambiwa fomu ina kasoro, alitakiwa kuandika kazi moja. Kigoma! Nani pale ana kazi moja?

Na mwenyekiti wa mtaa si mtu wa kupuuza. Unataka kufungua akaunti benki, unafuatilia pasipoti, unakwenda kumdhamini kijana polisi: barua ya utambulisho unaanzia kwake. Rais unaweza usimwone maisha yako yote. Huyu utamgongea mlango Jumapili usiku.

Halafu ikaja 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ikazimwa nchi nzima. Kundi letu likabaki la wa Oslo kubishana na wa Birmingham. Ndugu zetu wa Kibirizi na Mwanga, ambao kura ilikuwa yao, hawakuwemo kabisa kwenye mazungumzo. Sisi tulikuwa na maoni tele, kama kawaida yetu.

Sasa inazunguka barua ya kudai vituo vya kura kwenye balozi. Jina langu nitaliweka. Nimeomba tu aya ya kwanza imhusu mgombea wa mtaa: fomu yenye dosari ndogo arudishiwe arekebishe, asifutwe. Mmoja wa wanaoiandaa amenijibu kwamba hayo ni mambo ya watu wa kule, sisi huku yanatuhusu nini.