Zafarani ya mjamzito na hadithi ya mtoto mweupe

Mdogo wangu alipofikisha mimba ya miezi mitano nilimkuta jikoni kwake, Chang'ombe ya Dodoma, anachemsha maziwa. Alifungua kikopo kidogo cha plastiki, akachota nyuzi nyekundu kwa ncha za vidole na kuzitumbukiza sufuriani. "Dada, hii zafarani. Nimeambiwa nikinywa kila usiku mtoto anatoka mweupe." Kikopo alikinunua Soko la Majengo kwa shilingi elfu 15. Kwa nyumba yake hiyo ni mboga ya siku nne, tano.

Sikumgombeza. Niliomba kikopo, nikatia nyuzi tatu kwenye kikombe cha maji. Kabla hata sijakaa vizuri maji yalikuwa mekundu kama Vimto na nyuzi zenyewe zimepauka. Zafarani ya kweli haina haraka hiyo. Hutoa rangi polepole, tena ya manjano ya dhahabu, na uzi wake hubaki mwekundu muda mrefu. Ukiutafuna ni mchungu, na ncha yake moja imepanuka kama tarumbeta. Kile kikopo kilikuwa nyuzi za kitu kingine zilizopakwa rangi, na ni rangi gani, aliyejua ni aliyepaka.

Ulaghai huu una sababu. Kila ua la zafarani lina nyuzi tatu tu, zinachumwa kwa mkono, na gramu moja huhitaji maua kama 150. Sehemu kubwa ya zafarani ya dunia hutoka Iran. Kitu cha bei hiyo lazima kiigwe. Huku kwetu Dodoma hailimwi na wengi hatukukua nayo. Tunaikuta kwenye biriani ya sherehe, au kwenye kombe, pale shehe anapoandika aya kwenye sahani kwa wino wa zafarani, kisha sahani ikaoshwa, na maji hayo akapewa mjamzito anywe. Mwenye haja na kombe, hilo ni jambo la imani yake, siingilii. Ninachoomba ni mwandishi aulizwe wino wake ni nini, kwa sababu madukani kuna unga mwekundu unaoitwa zafarani ambao ni rangi ya kiwandani.

Sasa tuseme umepata ile yenyewe. Je, mjamzito anywe?

Nyuzi chache kwenye biriani au kwenye kikombe cha maziwa ni kiungo cha chakula, na sioni sababu ya kumtisha mtu nazo. Gramu moja ina nyuzi mia nne na zaidi, kwa hiyo nyuzi tano ni kitu kidogo sana. Shida inaanza inapogeuzwa dawa. Kwa mtu mzima wa kawaida, hadi gramu 1.5 kwa siku huhesabiwa kuwa salama, kuanzia gramu 5 inakuwa sumu, na gramu 12 hadi 20 zinaweza kuua. Mjamzito ana hesabu yake ya ziada: zafarani nyingi husukuma mji wa mimba kukaza, na tangu zamani wapo walioitumia makusudi kutoa mimba. Watafiti wa Iran wameijaribu hata kwa wanawake waliotimiza siku zao, kuona kama italainisha mlango wa kizazi. Kitu kinachojaribiwa kwa kazi hiyo wiki za mwisho, mimi sikitaki jikoni kwa mtu mwenye mimba changa anayekunywa kwa kukisia.

Faida zipo pia. Majaribio kadhaa yameonyesha kuwa miligramu 30 kwa siku huwasaidia watu wenye sonona ndogo hadi ya wastani. Lakini matokeo hayo hayampi mjamzito ruhusa ya kujitibu mwenyewe. Kama huzuni imemkalia, amwambie nesi wa kliniki. Nayo ni afya yake, si deko.

Na rangi ya mtoto? Hiyo hutoka kwa baba na mama, na kwa babu na bibi zao. Zafarani haiigusi. Watoto wetu wengi huzaliwa weupe kiasi, kisha rangi yao hukolea wiki kwa wiki, ndiyo maana mabibi hawahangaiki na uso, wanafunua masikio na kuangalia pale juu, wakisie rangi atakayokuja kuwa nayo. Aliyekunywa maziwa ya zafarani akamwona mtoto mweupe siku ya kwanza atasema imefanya kazi. Akikolea baadaye, ataambiwa hakunywa ya kutosha. Kinachoniuma zaidi ni kwamba mtoto hajazaliwa na tayari tumeshamwambia rangi yake ina kasoro. Tunaulaani mkorogo kwa wasichana, halafu tunauanzisha tumboni.

Jikoni kwa mdogo wangu, dirishani, niliona kifuko cha dawa kutoka kliniki. Vidonge vya kuongeza damu, karibu vyote vimo. "Vinanichafua roho," akasema. Hapo ndipo nilipoogopa, kuliko kwenye kikopo. Shirika la Afya Duniani linashauri mjamzito apate kila siku miligramu 30 hadi 60 za madini ya chuma na miligramu 0.4 za foliki asidi. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi wa 2015-16 ulikuta asilimia 45 ya wanawake wa Tanzania wa miaka 15 hadi 49 wana upungufu wa damu. Huyu binti kaacha vidonge alivyopewa kliniki, na vichache alivyomeza alivimeza na chai ya maziwa, na chai na maziwa vyote huzuia chuma kuingia mwilini.

Tulipanga upya. Kidonge usiku kabla ya kulala, kichefuchefu kimkute usingizini, na ashushie maji ya ubuyu, kwa sababu ukali ule wa vitamini C husaidia chuma kufyonzwa. Ubuyu Dodoma hauhitaji meli kutoka Iran. Ile elfu 15 ya mwezi uliofuata ilinunua maharage, dagaa na karanga za kuunga mlenda.

Kwa wanaouliza wafanye nini kama wameshakunywa: kama ni nyuzi chache, acha wasiwasi, ila mwambie nesi kliniki ijayo. Kama ni kijiko kizima, au ulipewa "ya kuharakisha uchungu", na sasa tumbo linakaza, unaona damu au mtoto amepunguza kucheza, nenda hospitali leo hii, usingoje asubuhi. Chukua na kikopo chenyewe, hata kama mama mkwe ndiye aliyekupa, umwonyeshe daktari ulichokunywa.