Kompyuta imekuja, kaye haijaondoka

Pale depo ya simenti nilikofanya kazi miaka miwili, hapa Bukavu upande wa Kadutu, patroni alinunua kompyuta mbili na emprimante, tukafurahi kweli, tukasema sasa kazi itakimbia. Wapi! Mfuko mmoja wa simenti ulikuwa unaandikwa mara tatu: mu kaye (daftari) ya depo, mu fakture ya mkono, halafu jioni kontabule anaingiza yote mu Excel, anaprinti, anapeleka kwa patroni aweke sinyatire na muhuri. Mteja katoka Walungu, Fuso yake inanguruma nje, anangoja karatasi, na umeme umeenda. Haya, tutafute kwanza esansi ya jenereta.

Ndo maana mtu akiniambia kompyuta inaharakisha kazi ya biashara namuuliza, imeondoa kazi gani? Hata Wamarekani lilishawasumbua hili. Mwaka 1987 Robert Solow, mchumi aliyepata Nobel mwaka uleule, aliandika kwamba enzi ya kompyuta inaonekana kila mahali isipokuwa kwenye takwimu za tija. Na wale umeme hauwakatikii kama sisi!

Viwanda vyao vilishapitia hayo na umeme wenyewe. Matajiri waling'oa injini ya mvuke wakaweka mota moja kubwa palepale, mikanda ileile inazunguka darini, jengo lilelile la ghorofa, faida kidogo tu. Edison aliwasha kituo chake New York 1882, lakini uzalishaji ulikuja kupanda sana miaka ya 1920, kila mashini ikiwa na mota yake na viwanda vimepangwa upya.

Siyo kwamba kompyuta yetu haikuwa na faida, hapana. Dola ikipanda asubuhi, Excel inabadilisha bei zote za faranga palepale, zamani ilikuwa inatukula nusu siku. Siku moja nikajikaza: patroni, tuache kaye ao tuache mashini. Akacheka, "Mwanangu, mashini ikikufa, stoki yangu utanilipa wewe?" Sikuwa na jibu, maana kopi ya kuweka pembeni hakuna aliyetufundisha kuifanya.

Na kontabule wetu, mama mwerevu sana, kila jioni Excel ikishatoa jumla alikuwa anatoa kalkulatrisi mu droo anaanza kujumlisha upya toka juu. Mama, si imeshajumlisha? "Ndiyo," akasema, "lakini nani aliiona ikijumlisha?"